Anwani Mia Mbili na Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Juni

Leo ni Jumatatu ya kwanza katika miaka sita ambayo sikwenda kufungua duka. Nimempeleka Joyness shuleni, nimerudi, nimefagia vyumba viwili ambavyo havikuwa na uchafu, nimekaa kitandani.

Juzi Bwana Elimringi alifunga tawi lake la Bonga. Aliniita nyuma ya rafu za mbegu. "Mama Joy, biashara imepungua. Duka la mjini nitalisimamia mwenyewe." Akanipa bahasha ya mshahara wa Mei huku anaangalia sakafu. Miaka sita nimemuuzia mbegu, mbolea na dawa, namjua kila mteja na mdudu anayemsumbua, halafu mtu anaangalia sakafu.

Nimenunua daftari hili niandike kila siku nilichofanya, nisije nikajidanganya kwamba nilifanya.

Mpango wenyewe ni huu. Nina ukurasa mtandaoni, Ghala la Mama Joy, ambao kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika habari za kuhifadhi mazao. Una wafuasi elfu kumi na nne. Clara, niliyesoma naye chuo na sasa yuko Arusha, anaishi kwa kazi ya kutangaza bidhaa za wengine. Kampuni inampa kiungo chake maalumu. Mtu akikibonyeza na kununua, kampuni inampa Clara kamisheni. Hana duka wala mzigo. Jana aliniambia kwa simu, "Vai, wafuasi ni watu wanaopita barabarani. Kusanya anwani zao za barua pepe. Hao ndio utawapata siku yoyote unayotaka."

Jumanne, 3 Juni

Baridi. Ukungu wa Mlima Kwaraa haujaondoka hadi saa tano. Sikufanya kitu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefanya. Mtu hakupi anwani yake hivi hivi, lazima nawe umpe kitu. Nimeandika mwongozo wa kurasa mbili, nikauita *Chupa na Chumvi*. Unachukua chupa ya soda iliyokauka, unatia mahindi robo chupa, unatia chumvi kavu kijiko kimoja, unatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Dukani nilikuwa nawaonyesha wateja bure na walikuwa wanashangaa kama wameona mazingaombwe.

Anayeutaka mwongozo anajaza fomu, jina na anwani ya barua pepe, unamfikia. Nimeutangaza kwenye ukurasa saa nne asubuhi.

Hadi saa kumi jioni nina anwani tatu. Ya kwanza ni yangu, ya pili ya Clara. Ya tatu ni ya Wilhelmina fulani nisiyemjua. Maoni chini ya tangazo ni sabini na kitu: "Dada tuwekee WhatsApp." "Imeili ni ya nani siku hizi?" Mmoja ameandika kicheko tu, mistari mitatu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nilikwenda Sigino kumsalimia baba. Nilimkuta anapanga mahindi juu ya turubai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesikia umefukuzwa."

"Sikufukuzwa, baba. Duka limefungwa."

"Na sasa unafanya kazi gani?"

Nikamweleza, kiungo, kamisheni, anwani. Baba, Mzee Marcelino, alifundisha katekisimu miaka thelathini; anajua kusikiliza hadi mwisho kabla ya kukumaliza. Nikamwonyesha picha ya mfuko wa bluu ambao Clara ananihimiza niutangaze, mfuko wa kuhifadhia nafaka bila dawa. Ndani una nailoni mbili, unafunga kila moja peke yake, hewa inaisha, wadudu wanakufa. Kamisheni yake ni buku nzima, shilingi elfu moja, kwa kila mfuko. Upo na wa kijani, wa kampuni nyingine, ambao kamisheni yake haifiki hata shilingi mia nne.

Akauliza swali moja. "Huo wa bluu umewahi kuujaza wewe mwenyewe?"

Nikasema hapana, lakini kampuni imeandika.

"Aa," akasema, akaendelea kupanga mahindi.

Nimerudi nyumbani Nakwa nimekasirika njia nzima. Ananiona bado mtoto.

Alhamisi, 12 Juni

Hasira imenifanyia kazi nzuri. Nimenunua mfuko mmoja wa bluu na mmoja wa kijani kwa pesa yangu, nikapanda bodaboda hadi Sigino. Tumejaza mahindi yaleyale ya baba katika mifuko yote miwili, na kiroba cha kawaida kikawa cha tatu. Katika kila mmoja baba ametia magunzi mawili yenye dumuzi hai, wale tunaowaita skania kwa jinsi wanavyosomba. "Tusiwapendelee," akasema. Tumefunga. Tutafungua baada ya siku arobaini, yaani tarehe 22 Julai.

Clara amenipigia kuuliza kwa nini sijaweka kiungo. Nimemwambia nasubiri jaribio. Amecheka hadi akakohoa. "Siku arobaini? Vai, mavuno hayasubiri arobaini ya mtu!"

Ijumaa, 13 Juni

Anwani kumi na tisa.

Jumatano, 18 Juni

Arobaini na moja. Leo nimekaa nikasoma majina moja moja na nimeona jambo. Karibu wote ni walimu, wauguzi, mabwana shamba, makarani wa halmashauri, na watu wa kwetu walioko Dodoma na Dar. Kila aliyewahi kuomba ajira ya serikali ana barua pepe, na anaifungua kila asubuhi kwa sababu hajui habari njema itaingia lini. Na hao hao ndio wanaolima kwa simu. Anamtumia binamu hela ya mbegu, binamu analima, mahindi yanawekwa ghalani, mwenyewe anayaona Desemba yamekuwa unga.

Kumbe watu wangu ni wale wasioweza kuyaona mahindi yao. Nitawaandikia kila Jumapili.

Jumapili, 22 Juni

Barua ya kwanza imetoka, kwa watu hamsini na nane. Niliandika maswali matano ya kumuuliza binamu kwa simu ili ujue kama anakudanganya. La tatu: "Mwambie aingize mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, kisha akwambie kuna joto au baridi."

Watu kumi na wawili wamejibu. Kumi na wawili! Kwenye ukurasa watu elfu kumi na nne wananipa vidole gumba. Mwalimu Ursula wa Dongobesh ameandika aya nne kuhusu shemeji yake.

Jumatatu, 30 Juni

Mia na sitini na tatu. Barua ya jana imefunguliwa na zaidi ya nusu yao. Kiungo sijaweka hata kimoja. Kodi ya nyumba imebakiza wiki mbili.

Jumamosi, 5 Julai

Ukurasa umekwenda.

Asubuhi uliingia ujumbe wenye nembo na maneno ya kutisha: nimekiuka masharti, ukurasa utafungwa ndani ya saa ishirini na nne nisipothibitisha. Nilikuwa napika uji. Nikabonyeza, nikajaza nywila yangu kama mjinga, nikarudi kwenye uji. Kufikia saa tano jina la ukurasa lilikuwa limebadilika na juu yake kuna picha za mikopo ya haraka. Nimejaribu kila njia. Mwizi amebadilisha namba, amebadilisha kila kitu. Wafuasi elfu kumi na nne, miaka mitatu, picha za mashamba ya watu, zote amekaa nazo mtu nisiyemjua.

Nimelia mbele ya Joyness, jambo ambalo nilijiahidi sitalifanya. Akaniuliza, "Mama, wote wameondoka?"

Nikafungua orodha. Anwani mia mbili na kumi na moja.

"Hawa wapo," nikamwambia.

Jumapili, 6 Julai

Nimewaandikia yaliyonipata na kuwaonya wasije wakaibiwa kwa namna hiyo. Sikuwa na nguvu ya kuandika zaidi.

Jumanne, 8 Julai

Clara amepiga mara tatu. Sauti yake ya huruma ilidumu dakika mbili. "Sasa Vai, huna ukurasa, huna mshahara. Una watu mia mbili wanaokuamini katikati ya mavuno. Tuma kiungo cha bluu kesho. Mimi nimeuza mifuko mia nane, hakuna aliyelalamika."

"Zimebaki siku kumi na nne jaribio liishe."

"Na kodi imebaki siku ngapi?"

Anajua.

Jumatano, 9 Julai

Nimetuma.

Ijumaa, 11 Julai

Mifuko mia moja na tisini ndani ya siku mbili! Kila mtu akinunua, simu inalia. Nimeacha kuiweka kimya kwa sababu ya utamu.

Jumanne, 15 Julai

Mifuko mia tatu kumi na minane, wanunuzi ishirini na watatu. Mganga mstaafu wa Kateshi, Mzee Paskasi, peke yake amechukua arobaini. Kamisheni imeingia kwenye simu leo saa nne. Nimelipa kodi, nimemnunulia Joyness viatu. Nimepita mbele ya duka la Elimringi taratibu kabisa, kichwa juu. Hakuniona, alikuwa anahesabu viroba vya mteja, mgongo umeinama. Nilitamani anione.

Upepo umeanza. Vumbi mpaka kwenye meno.

Jumanne, 22 Julai

Nimefika Sigino saa tatu. Baba alikuwa ameshatoa mifuko yote mitatu nje, ameipanga ukutani, amekaa kwenye kigoda anaingoja.

Tulianza na kiroba cha kawaida. Tulichotegemea: unga umetoka kwenye nyuzi, skania wanatembea juu kama wana ruhusa.

Wa kijani. Baba alifungua kamba ya nje, ya kati, ya ndani. Mahindi yalitoka yaking'aa. Akatia mkono hadi kiwikoni, akatoa kiganja, akapuliza. Skania wanne, wamekufa, wamekauka.

Wa bluu. Nilijua kabla hajamaliza kufungua kamba ya kwanza, kwa harufu. Nailoni ya ndani imetobolewa matundu madogo kama ya sindano, kumi, ishirini, nikaacha kuhesabu. Ni nyepesi mno, ukiinyoosha juani unaona vidole vyako. Chini ya mfuko unga umejaa kopo zima, na ndani yake wanachezacheza.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilimngoja baba aniambie "nilikuuliza." Nilikuwa nimejiandaa kulipokea. Akaniuliza lingine.

"Wangapi wamenunua?"

"Ishirini na watatu, baba."

"Mahindi yao yako ndani ya mifuko sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Basi hapa umekaa unafanya nini?"

Alininyanyua kwa mkono. Ana miaka sabini na mmoja na alininyanyua kama debe tupu. Akaniitia bodaboda mwenyewe, akalipa nauli, akanishikisha kipande cha nailoni ya bluu. "Wapigie picha hiki. Wasikuamini kwa maneno tena, waone."

Njiani nilimpigia Clara. Nitaandika maneno yake kama alivyoyasema, ili nikimkumbuka kwa wema nirudi hapa nisome.

"Waambie walifunga vibaya. Kila mtu anafunga vibaya, Vai. Huwezi kushindwa kesi hiyo."

"Clara, ulijua?"

Akashusha sauti: "Nilisikia sikia. Ukituma barua ya kujikana, kampuni inakufungia, na hakuna kampuni nyingine itakayokuchukua. Unataka kujitangaza mjinga?"

Nikakata. Miaka kumi nimemwona Clara mjanja na mimi mshamba. Leo nimeona ujanja wenyewe ulivyo kwa ndani.

Jumatano, 23 Julai

Nilianza barua mara tano. Nne za kwanza zilikuwa zinanitetea. Hii ndiyo iliyotoka saa mbili asubuhi, nainakili hapa yote.

"Nilikosea. Fungua mifuko yako ya bluu leo.

Ndugu zangu, tarehe 9 niliwaambia mnunue mfuko wa bluu. Sikuwa nimemaliza kuupima. Nilikuwa na jaribio la siku arobaini nyumbani kwa baba yangu na zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Sikungoja kwa sababu nilihitaji pesa. Jana tumefungua. Skania wametoboa nailoni. Picha ziko chini.

Kama uliujaza mahindi, yatoe leo, usingoje Jumamosi. Yapepete, yaanike juani, rudia chupa na chumvi. Kama uko mbali, mpigie aliyeko nyumbani sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nilipata shilingi elfu moja kwa kila mfuko mlionunua. Hiyo ni yenu. Nitawarudishia nyote, kwa kuanzia na walionunua michache. Sina yote leo. Nina zaidi ya nusu.

Mfuko wa kijani umefaulu jaribio lile lile. Kiungo chake siweki katika barua hii. Vailet Marcelino, Nakwa, Babati."

Kubonyeza "tuma" kulinichukua muda mrefu kuliko kuandika. Kisha nilikwenda kufua nguo zote zilizomo ndani, pamoja na safi.

Alhamisi, 24 Julai

Kampuni ya bluu imefunga kiungo changu kabla ya saa tatu, na kuniandikia kwamba mwanasheria wao atanitafuta. Watu wanane wamejitoa kwenye orodha. Mmoja ameandika: "Wezi wote ni walewale." Mzee Paskasi wa Kateshi ameandika neno moja: "Nakuja."

Nilikuwa nalisoma neno hilo kwa mara ya kumi bodaboda ikasimama mlangoni. Bwana Elimringi. Nikasema moyoni, amekuja kunicheka.

"Hodi, Mama Joy."

"Karibu," nikamjibu bila kuondoka mlangoni.

Alikuwa ameshika kofia mbele yake kama yuko msibani. "Nimesomewa barua yako jana. Sikulala vizuri."

"Umesomewa na nani? Wewe haumo kwenye orodha yangu."

"Mimi simo. Yumo mke wangu, Wilhelmina. Alijaza siku ile ile uliyotangaza. Kila Jumapili tukitoka ibadani ananisomea, mimi macho haya kwenye simu hayawezi."

Wilhelmina. Anwani ya tatu. Nilimkaribisha ndani.

Hapo ndipo aliponieleza alichoshindwa kunieleza Mei. Macho yanakwisha. Alifunga Bonga kwa sababu alikuwa anakosea kusoma vibandiko vya dawa alizokuwa ananiletea (mjini mkewe humsomea), akaogopa kumpa mtu sumu isiyo yake, na hakutaka soko zima lijue. "Nikakuangalia siku ile nikaona kivuli tu, nikaona aibu." Miezi miwili nimelibeba lile jicho la sakafuni kama tusi.

Alichokuja nacho ni hiki: ana mifuko ya kijani mia nne stoo. Wote waliodanganyika na bluu wachukue kwake kwa bei aliyonunulia yeye, bila faida, kabla skania hawajahamia kwenye magunia mengine. "Niandikie tu barua hiyo, Mama Joy. Mimi sina watu. Una watu wewe."

Niliiandika yeye akiwa amekaa, nikamsomea kwa sauti, ikaenda.

Ijumaa, 25 Julai

Kumi na mmoja kati ya ishirini na watatu wameshachukua mifuko ya kijani. Nimewarudishia tisa hela zao.

Jumamosi, 26 Julai

Mwalimu Ursula: "Nilimpigia shemeji nikiwa darasani, mtoto mmoja yuko ubaoni. Magunia mawili tayari yalikuwa na unga, kumi na manne mazima. Barua yako nimeituma kwa walimu wote wa kata."

Anwani mpya thelathini na sita tangu asubuhi. Sielewi.

Jumanne, 29 Julai

Mzee Paskasi amefika. Mrefu, koti la suti, mkononi mfuko wa bluu umekunjwa kama ushahidi mahakamani. Nilikuwa nimemwomba baba ashuke kutoka Sigino akae nami. Joyness akaleta viti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Vailet? Kijana hivi?" Akakunjua mfuko juu ya meza. Unga ukamwagika. "Miaka thelathini na minne nimetoa dawa Hanang. Ukimpa mgonjwa dawa hujaisoma, unaitwaje?"

"Mzembe," nikasema.

"Mzembe. Nimekuja kukuambia hilo usoni, kwa kuwa mahindi yangu gunia tatu yamekwisha."

Baba akajikohoza.

"La pili," akasema Mzee Paskasi, na hapo sauti ikabadilika. "Katika miaka hiyo yote niliona wazembe wengi. Waliokosea wakarudi wodini asubuhi kumwambia mgonjwa 'nimekosea, acha dawa ile', niliwaona wawili. Gunia thelathini na saba ziko salama kwa sababu ulirudi." Akaninyoshea mkono. Hela yake, elfu arobaini, aliikataa. Akasema ninunulie mifuko ya kupimia mingine.

Amekaa hadi saa tisa. Amekula ugali na baba wakabishana kuhusu mbaazi fupi na mbaazi ndefu kama ndugu wa tumbo moja.

Jumapili, 3 Agosti

Mia sita na nne. Leo ndipo nimeweka kiungo cha kijani, na chini yake picha za jaribio, mifuko yote mitatu. Wanunuzi wametoka mpaka Kondoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Wenzangu wako viwanjani na mabango. Mimi niko nyumbani, najibu barua. Elfu moja mia moja na ishirini. Nimemaliza kuwarudishia wa mwisho kati ya ishirini na watatu, saa sita mchana. Nimekunywa soda baridi peke yangu, chupa nzima.

Jumamosi, 16 Agosti

Vumbi, vumbi, vumbi. Mbaazi zimekauka mashambani, zinalia ukipita. Watu wanaandika wanataka kuona jaribio kwa macho. Nimewaza nimwombe baba uwanja wake tarehe 30, tufungue mifuko mingine mbele yao. Nilidhani atakataa.

"Waje wangapi?"

"Labda ishirini."

"Nitafagia," akasema.

Jumanne, 19 Agosti

Clara ameandika. Kampuni ya bluu haimlipi tangu Julai, wateja wake wamemgeuka. Ameuliza kama naweza kuwatumia watu wangu kiungo chake cha vipodozi. Nimemjibu kwa adabu kwamba siuzi nisichokitumia. Sikuona raha niliyodhani ningeiona. Nimemwalika aje tarehe 30 kama anapenda.

Jumamosi, 30 Agosti

Niandike kabla halijapoa.

Nilitegemea ishirini. Saa nne walikuwa sitini, saa sita walipita mia mbili. Wamekuja kwa pikipiki, kwa pikapu za Mbulu, basi dogo moja la watumishi kutoka Dodoma waliochangishana. Wanawake wa Sigino walipika bila kuombwa walipoona wingi. Elimringi alileta mifuko ya kijani mia tano kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, Wilhelmina akiwa kwenye meza anaandika wanunuzi, mwenye jina lilelile nililolisoma wiki saba bila kujua ni la nani.

Watu walikuwa wanasalimiana kwa anwani. Mama mmoja mnene alinijia akaniambia kwa heshima, "Mimi ni ursula sabini na nne," tukakumbatiana tukicheka hadi machozi.

Tulikuwa tumejaza mifuko minne ya kampuni nne mwezi mmoja kabla, kwa ile elfu arobaini ya Mzee Paskasi, mahindi yaleyale, wadudu walewale. Baba ndiye aliyefungua. Sikumwomba ahutubie, lakini katekista ni katekista. Kila fundo la kamba alilieleza, kila nailoni aliinyoosha juani, na watu mia mbili waliinamisha vichwa pamoja kutazama kiganja chake. Miwili ilishindwa. Miwili ilifaulu, na mmoja ni ule wa kijani. Ilipofunguka iliyoshindwa, watu walipitishiana unga kiganja kwa kiganja, kila mmoja akikumbuka Desemba zake. Ilipofunguka iliyofaulu, walipiga makofi kwa mahindi. Sijawahi kuona watu wakiyapigia makofi mahindi.

Baadaye alisimama Bwana Konstantini, mwakilishi wa kampuni ya kijani, shati limenyooshwa, daftari mkononi. Alinisifu vizuri. Kisha akasema kampuni inataka kuniajiri, mshahara wa kila mwezi, na mimi niwakabidhi orodha yote, anwani elfu mbili na zaidi, wawe wanawaandikia watu moja kwa moja kutoka makao makuu. Akataja mshahara. Ni mara mbili ya ule wa dukani. Nilimwona Elimringi ameinua uso. Nilimwona baba ameacha kukunja nailoni.

Mwezi Juni ningepiga magoti.

Nikasema, "Bwana Konstantini, mimi sina anwani za kukupa. Wenye anwani ni hawa, wamekaa hapa. Waombe wenyewe."

Akageuka. Akatabasamu, akafungua daftari, akachomoa kalamu. "Haya ndugu zangu, nani aanze?"

Hakuna aliyetikisika. Mzee Paskasi akasimama polepole, akajifuta koti.

"Kijana, mfuko wako ni mzuri, tumeuona, tutaununua. Lakini mwakani ukiwa mbaya, nani ataniambia? Wewe?"

Konstantini, na kwa hili nampenda, akacheka, akafunga daftari, akaja akanishika mkono. Akasema kamisheni itapanda mara mbili kuanzia Septemba, na kwamba msimu ujao atanitumia mifuko mapema, bure, niipime kabla haijaingia sokoni.

"Nitaipima pamoja na ya wengine," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Mifuko mia tano iliisha saa tisa kasorobo. Kirikuu kilirudi mjini mara mbili kuleta mingine.

Jumapili, 31 Agosti

Nimetuma barua asubuhi hii kwa watu elfu mbili mia tatu na kumi na wanane: matokeo ya mifuko minne, majina yote manne, iliyofaulu na iliyoshindwa, na viungo viwili. Kisha nikaenda misani na Joyness. Simu niliiacha mezani makusudi. Tuliporudi alikimbia kuitazama, akaanza kunisomea majina kwa sauti, mmoja mmoja, wa Bonga, wa Haydom, wa Singida, wa Mbeya, na mimi nikavua viatu, nikainjika maharage, nikamwacha asome.